Klorini ya punje madukani Lubumbashi: ndoo ya kununua na mfuko wa kuacha

Bidhaa tunayoipitia ni kalsiamu hipokloriti ya punje, yenye klorini ya asilimia 65 hadi 70. Lubumbashi hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya pisini na baadhi ya maduka ya dawa za usafi, ikiwa katika ndoo ya kilo 5 au 10, au pipa la kilo 40 hadi 50. Wanaoitafuta ni wahudumu wa mabwawa ya kuogelea ya hoteli na ya nyumbani, na pia walimu wa kemia, maana ndiyo njia rahisi ya kupata gesi ya klorini kwa ajili ya somo.

Ikiwa ndani ya ndoo ya kiwandani yenye kifuniko kisichofunguliwa, tunaipendekeza bila wasiwasi. Ina nguvu, hukaa muda mrefu kuliko javeli (klorini ya maji), haiachi majini asidi sianuriki, ile kinga ya jua ambayo ikizidi huidhoofisha klorini, na hesabu yake haimsumbui mtu. Ikiwa imechotwa kwenye pipa na kufungwa katika mfuko mweusi wa plastiki, iache hapo hapo hata ukipewa kwa nusu ya bei. Mfuko hauna namba, na namba ndiyo inayokuambia umeshika nini, hata muuzaji awe mwaminifu kiasi gani.

Namba kwenye lebo

Kaunta moja huweza kuwa na klorini tatu. Ya kwanza ni hii ya kalsiamu: lebo yake huonyesha UN 2880 (namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari), au UN 1748 kwa ile kavu zaidi, pamoja na namba ya CAS, inayotambulisha kemikali yenyewe, 7778-54-3. Ya pili ni asidi trikloroisosianuriki, ambayo hapa tutaiita trikloro, yenye klorini ya asilimia 90 hivi, mara nyingi katika vidonge vikubwa vya gramu 200: UN 2468, CAS 87-90-1. Ya tatu ni javeli, yaani mmumunyo wa sodiamu hipokloriti: UN 1791. Usiamini umbo. Klorini ya kalsiamu nayo hutengenezwa kwa vidonge, na trikloro huuzwa pia kwa punje. Zote mbili ni nyeupe, na zote mbili hunuka vilevile.

Hizo mbili za kwanza hazitakiwi kukutana kamwe, hasa palipo na unyevu kidogo. Ya kalsiamu ni ya upande wa alkali. Trikloro ni asidi na ina naitrojeni ndani yake. Zikigusana, joto hupanda, gesi ya klorini hutoka, na huweza kuzaliwa trikloridi ya naitrojeni, kitu kinacholipuka. Wala hazihitajiki kilo nyingi. Kijiko kilichochota trikloro kikaingizwa kwenye ndoo ya kalsiamu kikiwa kimelowa kinatosha. Boya la kuyeyushia vidonge lililozoea trikloro, likitiwa kidonge cha kalsiamu, linatosha. Kwa hiyo kila ndoo iwe na kijiko chake cha plastiki, kikavu, kilichoandikwa jina kwa kalamu isiyofutika, na boya lisibadilishiwe dawa maisha yake yote.

Vitu vingine vinavyoiwasha ni vya kawaida sana dukani na gereji: mafuta, petroli, sabuni, sukari, vumbi la mbao, na mafuta ya breki. Haya ya mwisho hudanganya, kwani yakimwagikia punje hizi hukaa kimya kidogo kabla moto haujatokea, na mtu huwa ameshainama kutazama. Mbolea ya urea na mbolea zenye amonia, ambazo watu wengi wa huku huhifadhi kwa ajili ya mahindi, nazo huzalisha ile trikloridi ya naitrojeni. Ukikuta duka limepanga mifuko ya mbolea na mapipa ya klorini kwenye kona moja, tafuta duka lingine.

Kuikagua kabla ya kulipa

Punje nzuri ni nyeupe au za kijivu hafifu, kavu, na hutiririka ndoo ikiinamishwa. Mabonge makubwa yanaonyesha kuwa maji au unyevu umeingia. Ndoo iliyovimba, au yenye kifuniko kilichopauka na harufu kali kabla haijafunguliwa, irudishwe. Tarehe ya kutengenezwa isomwe, na uulize pipa limekaa wapi: chini ya bati lenye jua la Oktoba, klorini hii huoza taratibu na kutoa joto lake yenyewe, na pipa kubwa hubaki na joto hilo kuliko ndoo ndogo. Kwa nyumba yenye bwawa moja, ndoo mbili za kilo 5 ni bora kuliko pipa.

Nguvu yake unaweza kuipima mwenyewe. Yeyusha gramu 1 kwenye lita 1 ya maji. Kama ni asilimia 65, hapo una miligramu 650 za klorini kwa lita. Chukua mililita 2 za mmumunyo huo kwa bomba la sindano, zitie kwenye lita 1 ya maji ya chupa, koroga, kisha pima kwa DPD, kipimo cha klorini kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Usomaji uwe karibu 1.3. Ukisoma 0.9, umenunua bidhaa ya asilimia 45, na kila hesabu utakayofanya itakuwa na upungufu wa theluthi moja. Kwa hoteli inayonunua mapipa, jaribio hili tungelifanya kwa kila shehena.

Kifaa cha kupimia kinachouzwa pamoja nayo

Maduka mengi huuza klorini pamoja na kisanduku cha kupimia, na hapa tofauti ni kubwa. Kile cha bei ndogo hutumia ototolidini, matone yanayogeuza maji kuwa ya njano. Huonyesha klorini yote kwa jumla, haitenganishi ile huru inayoua vijidudu na ile iliyofungamana na mkojo na jasho, na kemikali yenyewe ni sumu ya kutogusa kwa mkono mtupu. Hatuipendekezi. Chukua cha DPD chenye vidonge viwili: namba 1 kwa klorini huru, namba 3 kwa jumla. Ukitoa cha kwanza kwenye cha pili, unapata iliyofungamana.

DPD ina mtego mmoja ambao wauzaji hawausemi. Klorini ikizidi kiasi cha miligramu 10 kwa lita, rangi ya waridi hutokea kwa muda mfupi sana kisha hupauka, na maji hubaki meupe kama hayana dawa kabisa. Mhudumu huongeza dawa tena juu ya maji ambayo tayari yamejaa. Dawa ya mtego huu ni kuchanganya sehemu 1 ya maji ya bwawa na sehemu 9 za maji ya chupa, kupima, kisha kuzidisha kwa 10. Fenoli nyekundu ya kupimia pH (kiwango cha asidi au alkali majini) nayo huvurugwa na klorini nyingi: hugeuka zambarau na kumfanya mtu aongeze asidi isiyohitajika.

Majini

Chukua bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5. Hizo ni mita za ujazo 48. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita kunahitaji gramu 96 za klorini, yaani gramu 148 za punje za asilimia 65. Pima kwa mizani. Kikombe cha chai hakilingani na kikombe kingine cha chai.

Jaza ndoo safi ya plastiki lita 10 za maji kwanza, ndipo uimimine dawa taratibu ukikoroga kwa mti wa plastiki. Maji yakimwagwa juu ya punje kavu, huchemka mahali pamoja na kurusha matone usoni. Acha chokaa izame, mwaga maji maangavu kando ya bwawa pampu ikiwa inazunguka, na usiache punje zidondoke chini kwenye vigae au rangi, maana hutoboa alama nyeupe. Usizitie kamwe kwenye kikapu cha kunasia takataka: kama kuna kidonge cha trikloro kilichobaki humo, tumesharudi kwenye mlipuko.

Dawa itiwe jioni. Klorini isiyo na kinga ya asidi sianuriki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ndani ya saa mbili tu za jua kali. Kiasi cha asidi sianuriki cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinatosha kuilinda. Hapa ndipo vidonge vya trikloro huharibu kazi: kila kidonge cha gramu 200 huacha karibu miligramu 2.3 za asidi sianuriki kwa kila lita ya bwawa letu la mfano, na haiondoki isipokuwa kwa kumwaga maji. Baada ya vidonge 40 umepita 90, na klorini iliyopo kwenye kipimo hufanya kazi polepole. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupenda punje za kalsiamu.

Zina ubaya wake pia. Kila miligramu 10 za klorini hii huongeza karibu miligramu 7 za ugumu wa maji, na maji ya visima virefu vya Lubumbashi, mji uliokalia kwa sehemu miamba ya dolomiti, mara nyingi ni magumu tayari. pH nayo hupanda kidogo. Isipodhibitiwa utaona ukoko mweupe kwenye mabomba na mchanga wa kichujio unagandamana. Na pH ikipanda, klorini hulala: kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini huru iko katika umbo linaloua vijidudu haraka, kwenye 7.5 ni nusu, kwenye 8.0 imebaki robo. Lenga 7.2 hadi 7.6.

Asidi, na umeme unapokatika

Ili kushusha pH utauziwa asidi hidrokloriki ya asilimia 33 hivi, UN 1789. Ni bidhaa halali na ya bei nafuu, lakini haitakiwi kulala chumba kimoja na klorini. Mvuke wake peke yake hula kufuli, swichi na mizani. Ikimwagikia klorini ya kalsiamu au javeli, gesi hutoka papo hapo: ya njano-kijani, nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, inayojaa kwenye shimo la pampu kabla ya kufika puani mwa aliyesimama mlangoni. Tunashangaa ni mara ngapi muuzaji humfungia mteja vitu hivi viwili katika mfuko mmoja. Vibebe mbali mbali, kimoja mbele ya gari na kingine nyuma, vyote vikiwa wima.

Wenye mashine za kujimiminia dawa wasome hapa kwa makini, kwa sababu delestaji, yaani mgao wa umeme, ndiyo hali yetu ya kila siku. Pampu kubwa ya kuzungusha maji huzimika umeme ukikatika, lakini pampu ndogo mbili za dawa mara nyingi huwa zimechomekwa kwenye inveta au kwenye laini nyingine, na huendelea kusukuma klorini na asidi ndani ya bomba ambalo maji yamesimama. Vinakutana humo humo. Umeme ukirudi, pampu kubwa husukuma gesi yote hiyo kwa mkupuo hadi kwenye matundu ya kurudishia maji, walipo waogeleaji. Ajali za namna hii zimeshapeleka watoto hospitalini katika nchi zenye umeme wa uhakika. Kwetu hatari ni kubwa zaidi. Mwambie fundi aziunge pampu za dawa kwenye kontakta ile ile ya pampu kubwa, na aongeze swichi ya mtiririko, inayozikata pale maji yanaposimama hata kama mota inaunguruma. Sehemu ya kuingizia klorini na ya kuingizia asidi zitenganishwe vizuri kwenye bomba. Kisha jaribu: zima pampu kubwa, tazama kama zile ndogo zimenyamaza. Umeme unaporudi baada ya kukatika, watu watoke majini kwanza. Mfungaji anayekataa kuweka swichi hiyo asipewe kazi.

Kwa walimu wa kemia

Shule hununua katika maduka yale yale, na huko tatizo kubwa ni asidi inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Mbali na hatari ya mtu kuinywa, mwalimu hajui nguvu yake. Asidi sulfuriki ya betri ina asilimia 37 hivi. Ile kali ina 98, na katika mji wa migodi zote mbili zinapatikana. Kutengeneza lita 1 ya mmumunyo wa mole 1 kunahitaji mililita 207 za ile ya betri, lakini 54 tu za ile kali. Mwalimu akidhani ana ya betri kumbe ni kali, atamimina mara nne ya kiasi na maji yatachemka mkononi mwake. Kupima ni rahisi: mililita 50 za asidi ya betri zina uzito wa gramu 64 hivi, za asidi kali ni 92. Kwa vyovyote asidi huingia kwenye maji, kidogo kidogo, na si kinyume chake. Ile hidrokloriki ya pisini, ya asilimia 33, inafaa kwa titresheni za darasani: mililita 95 kwa lita hutoa karibu mole 1, kisha uisanifishe kwa sodiamu kabonati. Ikiwa ya njano ina chuma ndani yake. Usiitumie kutafutia chuma.

Sasa lile jaribio la gesi. Gramu 1 ya punje za asilimia 65, ikikutana na asidi ya kutosha, hutoa gramu 0.65 za klorini, ambayo kwenye mwinuko wa Lubumbashi ni kama robo lita ya gesi. Kijiko cha chai, gramu 5 hivi, hutoa zaidi ya lita moja. Katika darasa la mita 8 kwa 6 lenye dari ya mita 3, hiyo ikisambaa sawasawa hufikia karibu sehemu 9 kwa milioni, na 10 ndicho kiwango kinachohesabiwa kuwa cha hatari ya papo hapo kwa uhai. Nayo haisambai sawasawa. Hukaa chini, walipo waliokaa mbele. Tumia gramu 0.05 tu, ndani ya kisahani cha Petri chenye kifuniko, pamoja na tone la iodidi ya potasiamu na tone la bromidi kando, kisha tone moja la asidi. Rangi huonekana vizuri juu ya karatasi nyeupe, na darasa zima halifiki hata sehemu 0.1 kwa milioni. Ukimaliza, tuliza asidi kwa bikaboneti kwanza, ndipo uongeze sodiamu thiosulfeti kuua klorini iliyobaki. Ukitanguliza thiosulfeti kwenye asidi utapata gesi nyingine, dioksidi ya salfa.

Kabati la shule lisipangwe kwa herufi. Asidi nitriki ikae peke yake, mbali na asetoni, ethanoli na hata asidi asetiki. Klorini na permanganeti ya potasiamu zikae mbali na kila kinachoungua.

Vifaa vya kujikinga

Barakoa za kitambaa na za vumbi ambazo maduka hutoa kama zawadi hazizuii gesi hata kidogo. Kwa klorini inahitajika barakoa ya mpira yenye kichujio cha aina B, chenye mkanda wa kijivu, na kwa mvuke wa asidi hidrokloriki kile cha aina E, chenye mkanda wa njano, na kichujio kilichofunguliwa kina umri mfupi. Hata hicho ni cha kazi fupi au cha kukimbilia nje. Hakikuruhusu kubaki ndani ya chumba kilichojaa gesi. Miwani iwe ya kuziba pande zote, yenye alama ya EN 166. Namba 3 kwenye fremu inamaanisha hukinga matone. Glavu nyembamba za nitrili zinatosha mezani kwa mwanafunzi. Anayemimina asidi kutoka bidoni avae za PVC nene zinazofika kwenye kiwiko. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, nunua miwani, na hakikisha kuna bomba la maji safi ndani ya mwendo wa sekunde 10.

Jicho lililorushiwa dawa lioshwe dakika 15 kamili, kope zikiwa zimeshikwa wazi, kabla ya kuanza safari ya hospitali. Aliyevuta gesi atolewe nje, apelekwe sehemu ya juu na upande unakotoka upepo, avuliwe nguo zilizolowa. Apelekwe kuonwa na daktari hata akisema amepata nafuu, kwa sababu mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Moto wa klorini ya kalsiamu huzimwa kwa maji mengi sana kutoka mbali. Kizimamoto cha unga wa kawaida kina chumvi za amonia, nacho huongeza balaa.

Ndoo ikiisha

Ndoo hizi ni imara, na kila mtu huzitamani kwa maji au unga. Duka tunaloliona zuri huzirudisha kutoka kwa mteja. Kama lako halifanyi hivyo, jaza ndoo maji hadi juu, acha usiku mzima, mwaga maji hayo ndani ya bwawa, rudia mara tatu, kisha itoboe kitako. Punje zilizomwagika sakafuni usizirudishe ndoo kuu na usizitupe kwenye pipa la taka lenye majani na mafuta ya jikoni: zizoe kwa kifaa kikavu cha plastiki, ziyeyushe kidogo kidogo kwenye maji mengi, na zitumie siku hiyo hiyo.